Anemoni wa Bahari Sebuleni Kabalagala: Mwongozo wa Kumfuga Akaishi

Ukishuka na barabara ya Ggaba kutoka Kabalagala unafika ziwani kabla hujamaliza kuongea na bodaboda wako. Maji yapo tele, ila hayana chumvi. Bahari iliyo karibu iko Mombasa, zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara. Anayetaka kufuga anemoni wa bahari hapa hana budi kuitengeneza bahari mwenyewe, ndoo kwa ndoo, na kuilinda usiku na mchana. Inawezekana. Sehemu ngumu ya kazi hiyo inamalizika kabla mnyama hajaingia nyumbani, na ndiyo sababu mwongozo huu unamchelewesha anemoni hadi katikati.

Kwa nini anemoni hufa upesi

Anemoni ni jamaa ya matumbawe na yavuyavu. Mwili wake ni mfuko laini wenye mdomo mmoja katikati, na mikono yenye seli za kuchoma imeuzunguka mdomo huo. Hana gamba, hana ini wala figo. Kilichomo ndani ya maji kinamwingia moja kwa moja. Samaki anaweza kustahimili kosa lako kwa siku kadhaa. Anemoni hana ngao hiyo.

Jambo la pili ni mwanga. Ndani ya nyama ya anemoni wa nchi za joto wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho. Mwani hao hutengeneza sukari kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wao. Taa ikiwa dhaifu, au maji yakipata joto kali, mwani huondoka na anemoni hubaki mweupe. Ndicho kilichoyapata matumbawe ya pwani ya Kenya na Tanzania mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi.

Akitunzwa, huyu ni mnyama wa miaka mingi. Mwaka 1828 Sir John Dalyell wa Scotland alimwokota anemoni kwenye miamba ya North Berwick, akamweka katika chombo cha kioo. Dalyell alifariki mwaka 1851. Anemoni wake aliendelea kutunzwa Edinburgh na wengine hadi mwaka 1887, akiwa amezaa watoto mamia. Hapakuwa na pampu wala taa ya umeme; palikuwa na watu waliombadilishia maji ya bahari bila kuchoka. Yule alikuwa wa maji ya baridi, asiyetegemea mwani. Wako atadai zaidi.

Hatua ya 1: Maji

Maji ya bomba ya NWSC, shirika la maji, yanatoka ziwani, yanasafishwa Ggaba na kutiwa klorini ili wewe usiugue. Klorini hiyo ni sumu kwa anemoni. Maji ya ziwa pia huja na virutubisho vinavyostawisha mwani mchafu kwenye kioo, na ukiyachemsha huviondoi, unavikoleza. Ndiyo maana unahitaji mashine ya kuchuja maji ya aina ya RO, inayosukuma maji kupitia utando, pamoja na chujio la mwisho la kuondoa madini. Hakikisha ina chujio la kaboni mbele, kwa sababu klorini huharibu utando wa RO.

Mashine hizi hutoa lita 3 au 4 za maji ya pembeni kwa kila lita 1 safi. Usiyamwage. Yanafaa kufulia, kudekia na chooni. Kama nyumba yako iko juu kuelekea Muyenga na bomba linatiririka kwa unyonge, ongeza pampu ndogo ya kusukuma maji, maana RO haifanyi kazi bila msukumo.

Kutengeneza maji ya bahari:

1. Jaza pipa la plastiki la chakula kwa maji ya RO. Lisiwe pipa lililowahi kubeba sabuni, rangi au dawa.
2. Weka pampu ndogo ya kuzungusha na hita. Pasha hadi nyuzi 25 au 26.
3. Tia chumvi maalumu ya akwaria polepole, kiasi cha gramu 35 hadi 38 kwa lita. Tangi la lita 200 linakula takriban kilo 7 kwa mara ya kwanza.
4. Acha izunguke saa 24.
5. Pima kwa rifraktomita iliyosahihishwa kwa kimiminika cha kipimo cha 35, kisha rekebisha.

Maji hutangulia, chumvi hufuata. Ukimwaga maji juu ya rundo la chumvi, kalsiamu huganda kama unga mweupe chini ya pipa na hairudi tena.

> USITUMIE VITU HIVI
> - Chumvi ya Katwe. Ni nzuri kwa ng'ombe na kwa biashara, lakini ziwa lile lina magadi mengi, na uwiano wa madini yake si wa bahari.
> - Chumvi ya mezani. Ni chumvi tupu na iodini. Bahari ina magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na mengineyo.
> - Maji ya mvua ya paa la mabati. Yanabeba zinki, vumbi na moshi wa mji.
> - Maji ya betri. Baadhi ya chupa zinazouzwa kwa jina hilo ni tindikali.
> - Mchanga wa Lwera. Uache ukajenge nyumba. Wewe tafuta mchanga wa aragonaiti, unaosaidia kushikilia pH.

Hatua ya 2: Tangi, na uvumilivu

Usianze na tangi dogo kwa kuogopa gharama. Tangi dogo hubadilika upesi: alasiri moja ya joto chini ya mabati inatosha kupandisha chumvi na nyuzi. Lita 150 ndicho kima cha chini ninachoweza kukipendekeza, na lita 200 ni bora. Lita 200 za maji ya bahari ni kilo 205 bila kioo, mawe wala meza. Kwa hiyo liweke karibu na ukuta, juu ya meza ya chuma au mbao nzito, na kama umepanga ghorofani zungumza na mwenye nyumba kwanza.

Panga mawe ya akwaria yaliyo makavu, yenye matundu, kwa namna isiyoporomoka. Mawe hayo ndiyo makazi ya bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti. Kazi hiyo huchukua wiki 4 hadi 6 kuanza. Wauzaji wengi watakuambia kwamba amonia ikishafika sifuri uko tayari. Kwa samaki mgumu, sawa. Kwa anemoni ngoja miezi 6, na mwaka mmoja ni bora zaidi. Tangi changa huyumba: leo pH imeshuka, kesho mwani umefunika kila kitu. Katika miezi hiyo weka samaki wawili watatu, ujifunze kupima, na uone jinsi tangi lako linavyopita kipindi cha umeme kukatika.

> VIPIMO VYA KUSHIKILIA
> - Joto: nyuzi 25 hadi 27
> - Chumvi: gramu 35 kwa kilo ya maji (uzito linganishi 1.025 hadi 1.026)
> - pH: 8.1 hadi 8.4
> - Alikalini: dKH 8 hadi 11
> - Amonia na naitraiti: 0
> - Naitreti: chini ya 20, ikiwezekana chini ya 10
> - Shaba: isiwepo hata chembe

Shaba inahitaji neno la ziada. Dawa nyingi za kutibu vimelea vya samaki zina shaba, nayo humuua anemoni. Samaki akiugua, mtibu kwenye ndoo ya pembeni. Na ukinunua tangi kuukuu, uliza kama liliwahi kutiwa dawa.

Kosa la kawaida kuliko yote nimelikuta hata kwa watu makini: maji yakipungua, mtu anaongeza maji ya chumvi. Maji ndiyo yanayopanda hewani, chumvi inabaki. Kila siku jazia maji ya RO yasiyo na chumvi hadi alama uliyochora kwenye kioo. Maji ya chumvi ni ya siku ya kubadilisha: asilimia 10 kila wiki, yakiwa na joto na chumvi sawa na yale ya tangini.

Hatua ya 3: Umeme na hewa

Kabalagala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10, na maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya ziwa. Maana yake ni kwamba maji yakisimama, viumbe wako wana muda mfupi kuliko vitabu vya Ulaya vinavyodai. Elekeza pampu moja juu, uso wa maji utikisike kidogo muda wote. Skima ya protini nayo husaidia kuingiza hewa na kutoa uchafu kabla haujaoza.

Umeme ukikatika, hatari ya kwanza ni hewa. Baridi huja baadaye sana, na giza la siku moja halimdhuru anemoni. Basi betri yako ihudumie pampu peke yake. Fanya hesabu: betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina takriban Wh 1,200, na betri ya asidi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo una Wh 600. Pampu ya wati 10 itazunguka siku mbili na nusu, pungufu kidogo kwa kile kinachopotea kwenye inveta. Hita ya wati 200 ingeimaliza betri hiyo kwa saa 3. Hali ya hewa ya Kampala inakupendelea hapa, kwa kuwa usiku wetu hupoza tangi polepole, nawe unaweza kulifunika kwa blanketi pande tatu.

Fanya haya kabla ya siku ya giza:

1. Tenga pampu moja ya mkondo na uiunganishe na betri au inveta. Chomoa umeme makusudi siku ya Jumamosi uone kama inaendelea.
2. Nunua pampu ya hewa ya betri za tochi. Ni ya bei rahisi, na ndiyo inayookoa wakati inveta imegoma.
3. Weka kilinda umeme kama kile cha friji. Umeme unaporudi kwa kishindo huua hita na taa.
4. Waya zote zining'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji lidondoke sakafuni.
5. Angalia salio la mita ya umeme ya Yaka kila Ijumaa. Uniti zikiisha saa tisa usiku wakati umelala, kwa anemoni hilo ni kukatika kwa umeme kama kwingine.

Kama tangi ni la baa au mgahawa, jenereta mara nyingi huzimwa wateja wakiondoka. Usilihesabu kuwa ndilo ulinzi wa alfajiri.

Tena kuna hewa ya nyumbani. Pampu ya hewa na skima huvuta hewa ya chumba na kuipiga majini. Ukipuliza dawa ya mbu sebuleni, unaipuliza tangini. Tumia chandarua na nyavu za madirisha. Sigiri ya mkaa isiwashwe chumba hicho. Dirisha lifunguliwe mchana, maana chumba kilichofungwa chenye watu wengi hujaa kaboni dayoksaidi na pH hushuka.

Hatua ya 4: Kumchagua

Anza na *Entacmaea quadricolor*, anemoni mwenye ncha za mikono zilizovimba kama viputo. Ni mwenyeji wa bahari yetu: anapatikana Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Huyu huvumilia kuliko wengine, na hujigawa mwenyewe kuwa wawili, kwa hiyo unaweza kumpata aliyezaliwa tangini. Mtafute huyo kwanza, maana ameshazoea taa na hakung'olewa mwambani.

*Heteractis magnifica* na wale wapana kama mikeka wa jamii ya *Stichodactyla* ni wazuri mno na wagumu mno. Waache. Pia kataa anemoni wa manjano kali au waridi lisilo la kawaida: wengine hutiwa rangi, na chini ya rangi kuna mnyama mweupe aliyepoteza mwani wake.

Dukani, kagua:

☐ Mdomo umefungwa. Mdomo unaoachama au kutoa utumbo ni dalili ya kufa.
☐ Mguu umeshika jiwe au kioo, na hauna jeraha. Mguu uliochanika huoza.
☐ Mikono inanata ukiigusa kwa glavu.
☐ Ana rangi ya kahawia, kijani au nyekundu iliyokolea.
☐ Anakula mbele yako.

Kuhusu alikotoka: usimchukue mwenyewe ukienda likizo Diani au Watamu. Hifadhi za taifa za bahari nchini Kenya, Malindi na Watamu zikiwa za mwaka 1968, haziruhusu kuchukua kiumbe wala jiwe. Kuna wavuvi na wasafirishaji wa viumbe wa akwaria wenye leseni pwani ya Kenya, na hao ndio wa kununuliwa. Upande wa Uganda, vibali vya kuingiza viumbe hai wa majini huanzia Wizara ya Kilimo, Ufugaji na Uvuvi, Entebbe. Muuzaji akuonyeshe karatasi. Matumbawe magumu yana masharti zaidi, kwa sababu yamo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Na wale samaki wa rangi ya machungwa wa filamu ya Finding Nemo? Anemoni hawahitaji, wala wao hawamhitaji tangini. Ukiwataka, waingie baada yake, akiwa ameshatulia. Pwani yetu ina *Amphiprion allardi*, ambaye huishi na *Entacmaea* baharini. Kikande na kipepeo usiwaweke kabisa, watamla. Farasi wa baharini naye ataliwa na anemoni.

Hatua ya 5: Siku ya kumwingiza

1. Ziba midomo ya pampu zote kwa sponji au wavu. Anemoni hutembea, na akinyonywa na pampu atasagwa, kisha sumu yake itawaua na wengine.
2. Punguza taa hadi karibu nusu.
3. Acha mfuko wake uelee tangini kwa dakika 15 joto lilingane.
4. Mhamishie kwenye ndoo pamoja na maji yake. Dondosha maji ya tangi kwa mpira mwembamba, tone kwa tone, kwa saa 1.
5. Mhamishe kwa mkono wenye glavu, umemshikilia chini. Maji ya ndoo yamwagwe chooni.
6. Mweke kwenye ufa wa jiwe wenye mkondo wa wastani. Zima pampu ya karibu kwa dakika 20 hadi ashike.

Baada ya hapo mwache. Atahama usiku, labda siku tatu mfululizo, na utatamani kumrudisha pale ulipopapenda wewe. Usimrudishe. Anatafuta mwanga na mkondo unaomfaa, na kila ukimbandua unahatarisha mguu wake. Ikibidi kweli kumhamisha, toa jiwe pamoja naye. Taa ipandishwe kidogokidogo kwa wiki 2 hadi 3, kisha iwake saa 8 hadi 10 kwa siku.

Chakula

Subiri wiki nzima kabla ya kumlisha. Halafu mara 1 au 2 kwa wiki: kipande cha kamba wa baharini aliyegandishwa, asiye na viungo, kisichozidi ukubwa wa mdomo wake. Kiweke mikononi mwake kwa koleo la plastiki. Akikitema, kitoe. Kipande kikubwa hukaa tumboni kikaoza, na anayelishwa kila siku ili akue upesi hutapika. Mukene mkavu usimpe: ni dagaa wa ziwani, ana mchanga, na mafuta yake huchafua maji.

Kusoma dalili

*Amesinyaa kwa saa chache, kisha akafunguka.* Kawaida. Anatoa maji machafu na uchafu wa kahawia.

*Amesinyaa siku 2 au zaidi.* Pima chumvi na amonia kwanza, kabla ya kufikiria dawa yoyote. Badilisha asilimia 15 ya maji.

*Anapauka.* Taa ni kali ghafla au dhaifu mno, au joto limezidi 28. Rekebisha polepole, umlishe vipande vidogo mara 2 kwa wiki. Huweza kurudi baada ya miezi.

*Ananyooka juu sana kama anatafuta kitu.* Mwanga haumtoshi.

*Anatembea baada ya miezi ya kutulia.* Kuna kilichobadilika: pampu imeziba, taa imezeeka, au umesahau kujazia maji.

*Mdomo wazi, nyama inameguka, harufu ya kuoza.* Amekufa au anakufa. Mtoe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, badilisha asilimia 25 ya maji na utie kaboni mpya ya kuchuja maji. Ukisubiri asubuhi, amonia itawafuata samaki.

Vaa glavu kila uingizapo mkono, na usijiguse jicho. Wengi husikia mwasho tu, lakini mwenye mzio anaweza kuvimba vibaya. Akipata shida ya kupumua, apelekwe hospitali bila kungoja.

Ukienda kijijini Desemba

Nyumba nyingi za Kampala hufungwa wiki ya Krismasi. Badilisha maji siku 2 kabla ya safari, lipia Yaka ya kutosha na ziada, gawa chakula cha samaki katika pakiti za siku moja moja, kisha bandika karatasi hii kwenye kioo kwa ajili ya atakayebaki:

☐ Kila asubuhi: jazia maji kutoka dumu la bluu (lisilo na chumvi) hadi alama. Dumu jeupe (la maji ya chumvi) usiliguse.
☐ Kila asubuhi na jioni: angalia kipimajoto. Kikisoma zaidi ya 28, washa feni juu ya maji na uzime taa.
☐ Umeme ukikatika: hakikisha pampu ya betri inazunguka. Ikisimama, washa ile ndogo ya hewa.
☐ Anemoni usimlishe kabisa. Wiki mbili bila kamba hazimdhuru.
☐ Samaki: pakiti moja kwa siku, kutoka kwenye boksi lililoandikwa tarehe.
☐ Dawa ya mbu isipulizwe.
☐ Ukisikia harufu mbaya, piga simu hata usiku wa manane.

Kopo kuu la chakula cha samaki lifungie kabatini uondoke na ufunguo.